Programu ya upepo kwenye simu: soma mstari wa pili

Nina kitalu cha plastiki, ghala la mabati yaliyochoka na bomba la mgongoni la kupulizia dawa. Vyote vitatu havipatani na upepo, ndiyo maana programu ya utabiri wa upepo naifungua kabla hata ya kusoma ujumbe wa watu. Yangu ina ramani yenye michirizi inayotembea, na ukigusa mahali ulipo unapata jedwali la saa kwa saa. Ipi uipakue si hoja kubwa, kwa kuwa nyingi huchota takwimu palepale, kwenye mifumo ya kompyuta inayokokotoa hali ya hewa ya dunia nzima: GFS ya Marekani au ECMWF ya Ulaya. Ikikuruhusu kuchagua, tazama zote mbili. Zikikubaliana, panga kazi. Zikipishana sana, kazi ya kupanda juu ya paa iache.

Ramani ni pambo tu. Kazi iko kwenye jedwali, tena kwenye mstari wa pili. Ule wa kwanza ni wastani, kwa kawaida wa dakika 10. Wa pili ni mapigo, yaani upepo wa ghafla unaopimwa kwa sekunde 3 tu. Watu husoma kilomita 20 kwa saa juu, wakasema leo shwari, na chini pameandikwa 45! Bati halijui wastani. Nguvu ya upepo hupanda kwa mraba wa kasi: pigo la kilomita 40 kwa saa husukuma mara nne ya upepo wa kilomita 20. Mimi hutazama pengo. Kukiwa na 15 na 20, upepo unakwenda sawasawa na plastiki hutulia. Kukiwa na 15 na 40, plastiki itavimba na kunywea mchana kutwa, na kamba hulegea kwa mtikisiko huo kuliko kwa upepo mkali usiobadilika.

Kwa majira ya siku naisifu. Asubuhi kimya, jua likipasha ardhi hewa ya chini huchanganyika na ya juu yenye kasi, mapigo yanaanza, jioni yanalala. Hilo inalipatia vizuri.

Inapokwama ni kwenye umbo la nchi. GFS huigawa dunia katika vipande vya kilomita 13 hivi, ECMWF 9. Ndani ya kipande kimoja unaingia mlima wangu, bonde na shamba la jirani, vyote vikapewa namba moja, tena ya mita 10 juu ya ardhi. Nilinunua kipima upepo cha mkononi, kile cha kifeni, nikawa nalinganisha. Kwenye upenyo kati ya vilima viwili upepo hubanwa, na kipima huizidi programu karibu kila mara. Nyuma ya mstari wa mikaratusi wastani unashuka, lakini mapigo huja kutoka pande zote, mara kushoto, mara usoni. Kwa mpuliza dawa, hapo ni pabaya kuliko uwanda wenye upepo wa wastani.

Usiitegemee kwa radi. Hewa baridi inayoporomoka kutoka kwenye wingu la radi hutangulia mvua, na hakuna kipande cha kilomita 9 kitakachokuambia itapiga shamba gani, dakika ipi. Joto likikatika ghafla na vumbi likasimama upande wa wingu, shuka kwenye ngazi.

Tena, sifuri ya jioni si ruhusa ya kupiga dawa. Ardhi ikipoa, hewa ya chini hujifungia, matone madogo huelea na kwenda kutua yanakotaka. Afadhali kaupepo ka kilomita 5 hadi 12 kanakoelekea upande mmoja.

Naipa nyota nne. Ya tano nimeikata kwa sababu mstari wa mapigo umefichwa hadi uuwashe kwenye mipangilio, na vipimo huja kwa mita kwa sekunde. Zidisha kwa 3.6 upate kilomita kwa saa, au badilisha kabisa, maana 11 ya mita inaonekana ndogo, kumbe ni karibu 40.