Baiskeli ya kike ya chuma: miezi 14 kwenye barabara ya Lamu, Malindi

Baiskeli ninayoieleza hapa ni ile nyeusi ya chuma, yenye magurudumu ya inchi 28 na breki zinazovutwa kwa vyuma badala ya waya, ambayo wengi wetu nchini Kenya tunaiita Black Mamba. Yangu ni ya kike, yaani haina bomba la juu baina ya kiti na usukani, na kwa sababu hiyo mtu aliyevaa dera au buibui huipanda bila kuinua mguu mbele za watu. Nimeitumia kwa miezi 14 kwenda kazini na kurudi, siku sita kwa juma, kutoka upande wa Sabaki, kaskazini mwa mji, kabla ya kufika darajani ukitokea mjini, hadi shule ninayofundisha mjini Malindi, mwendo wa kilomita sita hivi. Naandika kwa kuwa karibu kila juma hunijia mtu, mara nyingi mwanamke mwenye kazi na watoto, akaniuliza kama inawezekana kweli, na majibu ninayompa nimesimama langoni huwa hayatoshi.

Kabla ya hii nilikuwa na baiskeli nyingine, mpya, ya rangi ya kupendeza, yenye gia 21 na springi mbele na nyuma. Niliinunua dukani kwa furaha kubwa. Haikuwa na madigadi wala keria, kwa hiyo mvua ya kwanza ilinichora mstari wa tope kutoka kiunoni hadi mabegani, na daftari za wanafunzi nilizibeba mgongoni zikanitoa jasho kuliko safari yenyewe. Hewa ya chumvi ilifanya kazi yake: kabla ya msimu wa kusi kwisha waya za gia zilikuwa zimeshika kutu, na gia ikawa inaruka kila nilipokanyaga kwa nguvu. Niliporudi dukani niliambiwa vipuri vya aina ile haviji huku. Niliiuza kwa hasara, na kwa miaka miwili nikaamini kwamba baiskeli si chombo cha mtu anayekwenda kazini. Leo nasadiki kwamba wengi walioacha baiskeli katika mji huu hawakushindwa na jua wala umbali. Walishindwa na baiskeli iliyotengenezwa kwa ajili ya mchezo, wao wakataka kuifanyisha kazi.

Wanaojua kazi ya baiskeli hapa ni wachuuzi. Mtazame anayeleta nazi au madumu ya maji, au anayeshuka na magunia ya makaa alfajiri, uone amepanda nini. Magurudumu ya baiskeli hizi nilihesabu spoki zake mwenyewe: mbele 32, nyuma 40, kwa sababu mzigo wote hukaa nyuma. Keria yangu hubeba mkoba wa daftari, chakula cha mchana, na siku za soko hubeba kilo kumi za unga bila gurudumu kuyumba. Nilipoona hayo nilianza kuulizia, nikampata mzee mmoja aliyekuwa akiuza ya marehemu mkewe, fremu nzima, rangi imechubuka tu kwenye pembe. Nilimlipa shilingi 9,500, kisha nikatumia shilingi 2,350 kwa tairi la nyuma, tyubu mbili, raba nne za breki, na dainamo pamoja na taa yake.

Jambo la kwanza utakalolihisi ukiipanda ni kwamba unakaa wima, kichwa juu, unaona barabara yote na barabara inakuona. Haina gia ya kubadilisha. Yangu ina meno 44 mbele na 18 nyuma, na kwa gurudumu la ukubwa huu kila mzunguko mmoja wa pedali hukusogeza karibu mita tano na nusu. Ukikanyaga pole pole, mizunguko 50 kwa dakika, unakwenda kilomita 16 kwa saa, mwendo ambao mtu wa kawaida anaweza kuudumisha huku akizungumza. Malindi ni tambarare, na barabara ya Lamu kutoka Sabaki hadi mjini haina mlima wa kukuteremsha chini usukume. Mimi hutumia dakika 25, na siku ya mzigo dakika 30.

Kuhusu jasho, ambalo ndilo swali la kwanza la kila mtu, jibu langu ni saa ya kutoka. Nikitoka saa kumi na mbili na robo, jua likiwa bado chini, nafika shuleni nikiwa na unyevu kidogo tu mgongoni, nao hukauka kabla ya kengele. Nikichelewa hadi saa moja kasorobo, hali ni nyingine kabisa: nakanyaga kwa pupa, jua limeshapanda, na hapo ndipo nguo huloa. Anayetaka kufika mkavu atoke mapema, aende taratibu, na mkoba aufunge kwenye keria badala ya kuubeba mgongoni.

Upepo nao una hesabu yake, nami sikuijua mpaka nilipomaliza mwaka mzima barabarani. Mimi nakwenda kusini asubuhi na kurudi kaskazini jioni. Wakati wa kusi upepo huwa usoni pangu asubuhi, lakini asubuhi haujapata nguvu, na jioni hunisukuma hadi nyumbani kama niliyewekewa tanga. Kaskazi ni kinyume: kuanzia Desemba hadi Machi, alasiri, nimechoka, unanikabili njia nzima, na zile dakika 25 huwa 35. Sijapata dawa yake isipokuwa kukubali kwenda polepole. Anayeishi upande wa pili wa mji, kwa mfano anayetoka Muyeye kwenda mjini, atapata mambo haya kwa mpangilio ulio kinyume na wangu.

Sasa nguo. Hapa ndipo baiskeli hii inapozishinda nyingine zote nilizojaribu. Mnyororo wake umefunikwa mzima kwa bati, kuanzia meno ya mbele hadi ya nyuma, hata pindo la dera haliwezi kuingia, na mchanga wetu pia hauufikii kwa urahisi. Kilichokuwa kimebaki ni spoki za nyuma, kwa sababu kitambaa kirefu hupeperuka na kunaswa upande ule. Fundi wangu aliniambia nilete nyuzi za nyavu za kuvulia. Alitoboa matundu madogo kwenye ukingo wa madigadi ya nyuma, kulia na kushoto, akapitisha uzi kutoka kila tundu hadi karibu na ekseli, akauvuta ukakaza, mpaka pande mbili za gurudumu zikawa na kitu mfano wa kipepeo aliyekunjua mbawa. Kazi ile ilichukua muda wa adhuhuri hadi alasiri, na nilimlipa shilingi 300. Tangu siku ile sijanaswa nguo hata mara moja. Mama mkwe wangu, aliyenionya mwanzoni kwamba watu watanisema, ndiye sasa anayewaonyesha wageni nyuzi zile.

Dosari zake sitazificha, na kubwa zaidi ni breki. Zile raba hubana ringi ya chuma iliyopakwa kromi, na ringi ikilowa huwa telezi kama sahani yenye mafuta. Mwezi wa Mei, mvua ya masika ikinyesha, tuktuk ilisimama ghafla mbele yangu kuchukua abiria. Nilibana breki zote mbili kwa nguvu zangu zote na baiskeli ikaendelea kama vile sijafanya lolote. Nilikwepa kushoto, nikaingia kwenye mchanga wa kando, nikaanguka. Nilichubuka goti na kiganja, hapakuwa na zaidi ya hapo, lakini nilitetemeka siku nzima. Tangu hapo mvua ikianza nabana breki kidogo kidogo nikiwa bado mbali, ili raba zifute maji kwenye ringi kabla sijazihitaji, naongeza nafasi mbele yangu mara tatu, na mvua ikizidi nashuka nasubiri chini ya kibaraza. Hakuna anayestahili kuuziwa baiskeli hii bila kuambiwa jambo hili.

Ya pili ni mchanga. Tairi zake ni nyembamba kiasi, na njia ya kutoka kwangu hadi lami ni mchanga mtupu. Hapo naisukuma, nayo ni nzito, zaidi ya kilo 20. Anayeishi ghorofani na hana pa kuifungia chini atataabika. Ya tatu ni taa: dainamo husugua ubavu wa tairi, hivyo ukisimama, taa huzimika. Nimeongeza kiakisi chekundu nyuma na nimepaka rangi nyeupe sehemu ya chini ya madigadi, na bado magharibi ikiingia nikiwa njiani huwa natamani niwe nimeshafika.

Barabara yenyewe yahitaji kusemwa pia. Ukingo wa lami umemeguka mahali pengi, na mwenye baiskeli hujikuta akichagua baina ya shimo na matatu. Nilijifunza kutojibana ukingoni: nakaa umbali wa mkono mmoja kutoka ukingo, upande wa kushoto, nakwenda moja kwa moja bila kuyumba, na wenye magari hulazimika kunipita kwa nafasi badala ya kunipenya. Ningefurahi mno kuona hata utepe wa mita moja na nusu uliotengwa kwa ajili yetu na kwa ajili ya watoto wanaotembea kwenda shule, kwa maana hao ni wengi kuliko sisi.

Fundi ni nusu ya baiskeli hii, na ndiyo maana namtathmini pamoja nayo. Wangu hukaa chini ya mwarobaini kandokando ya barabara, ana kikapu cha spana, karai la maji na pampu ya miguu. Pancha ya kwanza nilimpelekea nikiwa na haraka. Alichomoa tyubu upande mmoja tu bila kuvua gurudumu, akaijaza upepo, akaipitisha karaini kipande baada ya kipande mpaka mapovu yakatokea. Aliisugua kwa msasa, akapaka solusheni, kisha akaiweka kando.

“Mbona hubandiki, fundi?” nikamwuliza.

“Subiri, mwalimu. Gundi ikiwa bado inang'aa, kiraka kitatoka kesho. Acha ikauke.”

Wakati tunasubiri alipitisha kidole ndani ya tairi, polepole, mzunguko mzima, akasimama mahali, akang'oa kwa koleo ncha ya mwiba wa mkunazi isiyozidi punje ya mchele. Kama angeuacha, ungetoboa kiraka chake kabla sijafika nyumbani. Nilimlipa shilingi 50. Siku hiyo hiyo aliniangalia nikipanda, akaniita nirudi, akanipandishia kiti: alinitaka nikae nikiegemea mti, niweke kisigino kwenye pedali ikiwa chini kabisa, na mguu uwe umenyooka. Kiti kilikuwa chini mno kwa vidole vinne, na maumivu ya magoti niliyoyadhania ni ya umri yaliisha baada ya juma moja.

Fedha nimeziandika daftarini tangu siku ya kwanza. Nilikuwa nikilipa bodaboda shilingi 100 kwenda na 100 kurudi, yaani 5,200 kwa mwezi wa siku 26 za kazi. Baiskeli na matengenezo ya mwanzo yalikuwa shilingi 11,850, kwa hiyo katikati ya mwezi wa tatu ilikuwa imejilipia. Matunzo tangu hapo hayajafika shilingi 300 kwa mwezi: pancha, grisi, na mafuta ya cherehani ninayopaka mwenyewe kila Jumapili baada ya kufuta chumvi kwa kitambaa chenye maji baridi. Usiposafisha chumvi, spoki zitaanza kukatika moja moja.

Walimu wenzangu wawili wamenunua za kwao tangu mwaka jana, na mwalimu mkuu alitutengea pembe yenye kivuli na bomba la kufungia minyororo yetu. Jambo hilo dogo, mahali pa kuifunga unapopaona kutoka dirishani, limewavuta watu kuliko maneno yangu yote. Mwajiri yeyote mjini anaweza kulifanya kwa gharama ya mabomba mawili.

Ukienda kutazama iliyotumika, usianze na rangi. Inua gurudumu la nyuma ulizungushe, utazame kama ringi inakwenda sawa baina ya raba za breki. Pitisha penseli kwenye spoki zikizunguka: iliyolegea italia tofauti na wenzake. Shika krenki mbili, yaani mikono ya pedali, moja kila mkono, uzitikise. Zikicheza, kotapini, yaani pini zinazozikaza kwenye ekseli, zimelika, nazo ni rahisi kubadilisha, lakini ikiwa ekseli yote inacheza, golori za ndani zimekwisha na bei ishuke. Tazama chini ya fremu, pale mabomba yanapokutana, kwa sababu maji hukaa hapo na kutu huanzia ndani. Kisha mwombe mwenyewe akuache uiendeshe hadi kwenye lami na kurudi, ukiwa umevaa nguo utakazokwenda nazo kazini.