Restylane kwa mikunjo ya tabasamu: tathmini yangu baada ya miezi 6

Mikunjo inayoshuka kutoka puani hadi pembe za mdomo haisababishwi na kucheka peke yake: kolajeni, protini inayoipa ngozi uimara, hupungua kadiri umri unavyosonga, mafuta ya mashavuni hushuka, na jua kali pamoja na sigara huharakisha hali hiyo. Restylane, jeli ya asidi ya hayaluroniki (kitu kinachoshika maji ambacho mwili pia hukitengeneza) iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2003 kwa mikunjo ya aina hii, huijaza kutoka chini ya ngozi, kazi ambayo krimu ya kupaka haiwezi kuifanya. Daktari alinipaka dawa ya ganzi, akasubiri, kisha akanichoma sindano ya jeli polepole, akisita kila mara kutazama rangi ya ngozi, kwa kuwa jeli ikiingia kwenye mshipa wa damu inaweza kuua ngozi au hata kumpofusha mtu. Uangalifu huo ndio ulionipa imani naye. Nilivimba kwa siku 3, na shavu la kushoto likavilia damu. Mikunjo ilififia bila kufutika kabisa, nami bado natabasamu kama mama yangu. Sasa imeanza kurudi. Ningemsihi kila anayetaka huduma hii aulize kwanza kama kliniki ina hayaluronidezi, kimeng'enya kinachoyeyusha jeli hiyo, tayari chumbani kabla sindano haijashikwa.