Baiskeli ya gia au Phoenix (ile ya chuma isiyo na gia) kwa safari za klabu Mbeya?

Mlima wa Uyole kwenda Isyonje, gia hushinda: utabaki na kundi badala ya kukokota. Kuteremka Tukuyu ndiko kwa hatari zaidi. Mvua ikilowesha rimu za chuma, breki za fito za Phoenix huchelewa kushika. Anza kubana mapema, acha nafasi mbele.

Kwa matunzo, Phoenix haina mpinzani: hata fundi wa kijijini ana spoku na mipira ya breki. Ya gia ikiangukia kulia, kishikio cha gia kwenye gurudumu la nyuma hupinda, mnyororo huweza kuingia kwenye spoku.

Unaendesha tambarare za Usangu? Phoenix inatosha. Rungwe kila wiki? Nunua ya gia, hata mtumba, ila kagua meno ya gia: yakichongoka, mnyororo mpya utaruka.