Kituo cha kufunga kizazi wanyama: madaktari nyota tano, mfuko wa vocha nyota mbili

Nimefika kwenye kituo hiki mara nne ndani ya mwaka mmoja. Mara ya kwanza nilirudishwa. Ya pili, paka wangu wawili walifanyiwa upasuaji. Ya tatu nilikwenda kwa ajili ya mshono uliovimba, na juzi nimekwenda kumwandikisha paka mwingine. Kazi yao ni kuwafunga kizazi mbwa na paka kwa gharama nafuu: mwenye mnyama anachangia kidogo, na kiasi kikubwa kinalipwa na mfuko wa umma kwa njia ya vocha.

Nianze na siku ya upasuaji, kwa sababu ndiyo iliyonitoa hofu. Nilidhani huduma ya bei ya chini maana yake ni haraka haraka na usafi wa kubahatisha. Usiku wa kuamkia siku yenyewe kijana wa mapokezi alinipigia simu. "Mama, huyo mkubwa asile chochote baada ya saa 6 usiku. Ila mtoto mpe kijiko kimoja cha chakula alfajiri, asije akaishiwa sukari mwilini." Hapo nikajua nazungumza na mtu anayejua kazi yake. Paka mdogo hana akiba mwilini. Ukimkalisha na njaa usiku kucha kama mkubwa, anaweza kuishiwa nguvu akiwa kwenye dawa ya usingizi. Kliniki moja ya kulipia niliyowahi kuipigia simu iliniambia tu "wasile".

Tulifika saa 1 asubuhi. Mawingu, paka wangu wa kijivu, alikuwa kwenye kikapu chake, na binti yake wa wiki 11 kwenye kingine. Walipimwa uzito mmoja mmoja, wakasikilizwa moyo, wakatazamwa fizi na macho, ndipo kila mmoja akavishwa utepe wa karatasi shingoni wenye namba. Mtoto alikuwa na kilo 1 na gramu 100. Nilimuuliza daktari kama si mdogo mno. Akanijibu bila kuharakisha kwamba wakishafika kilo moja na wakiwa na afya wanaamka mapema kuliko wakubwa, mshipa wa damu wa kufunga ni mwembamba, na kidonda kinapona upesi. Akaongeza, "Na mama, paka jike anaweza kubeba mimba akiwa na miezi minne tu. Tukisubiri akue, tumechelewa."

Kuna dirisha la kioo kati ya ukumbi na chumba cha upasuaji, na hawalifuniki. Nilisimama pale karibu saa nzima. Kila mnyama alifunguliwa kifurushi chake cha vyuma, kimefungwa kwa kitambaa na utepe unaobadilika rangi ukishapita kwenye mvuke wa moto wa kuua vijidudu. Kilichotumika kwa huyu hakikumgusa yule. Baadaye nilisoma kwamba huo ndio utaratibu uliowekwa kwenye mwongozo uliotolewa mwaka 2008 na chama cha Marekani cha madaktari wa makazi ya wanyama, yaani vituo vinavyohifadhi wanyama wasio na mwenyewe, mahususi kwa vituo vinavyopasua wanyama wengi kwa siku moja. Unafuu hautokani na kuruka hatua. Mmoja ananyoa na kupaka dawa, mwingine anasimamia dawa ya usingizi, daktari hafanyi lingine ila kupasua, na kwa sababu anafanya jambo lile lile siku nzima, mikono yake imeshalijua. Mawingu alipolazwa mezani macho yake yalikuwa wazi, nikashtuka. Msaidizi aliniona, akanyanyua kijibomba cha mafuta ya macho anionyeshe: dawa ile ya usingizi haifumbi macho, kwa hiyo wanayapaka yasikauke.

Mkato wenyewe ni mfupi kuliko kidole gumba changu. Pembe mbili za mfuko wa uzazi zikatolewa kwa ndoano nyembamba, zikafungwa, zikakatwa, ngozi ikashonwa kwa uzi unaoyeyuka wenyewe ndani. Kisha pembeni ya mshono daktari akachora mstari mdogo wa kijani kwa wino wa kudumu. Mstari huo ni ujumbe kwa daktari yeyote atakayekutana naye siku za mbele: huyu ameshafungwa, usimpasue tena kutafuta kizazi. Paka wa mitaani wasio na mwenyewe wanakatwa ncha ya sikio, ili waonekane hata kwa mbali na wasikamatwe mara ya pili.

Walipotoka, waliwekwa kwenye blanketi pembeni ya chupa za maji ya moto zilizovishwa soksi. Soksi zenyewe zilikuwa za watoto, za rangi rangi, nadhani wafanyakazi walizileta kutoka nyumbani kwao. Msaidizi alikuwa akipita kila mara anawageuza ubavu na kuwashika masikio kupima joto. Saa 8 mchana nilikabidhiwa wanyama wangu wakiwa wameamka, dawa ya maumivu ya siku tatu, na karatasi moja ya maelezo inayosomeka.

Sasa malalamiko. Madogo kwanza. Simu ya mapokezi haipokelewi kabla ya saa 4, na asubuhi ndiyo watu wengi wanahitaji kuuliza. Mbwa na paka wanasubiri ukumbi mmoja, na paka anayetetemeka ndani ya kikapu huku mbwa anabweka futi tatu kutoka kwake haingii kwenye usingizi vizuri, wenyewe wanalijua hilo. Kola ya shingoni ya kuzuia kulamba kidonda hawatoi, unajitafutia. Mimi sikutafuta, na siku ya tatu Mawingu alilamba mshono mpaka ukavimba na kuwa mwekundu. Kwa haki niseme kwamba nilipomrudisha walimtazama papo hapo, bila foleni na bila malipo, wakanionyesha namna ya kumvalisha mkono wa fulana kuukuu uliotobolewa mashimo manne ya miguu. Ulimkaa siku nane.

Malalamiko yangu makubwa hayahusu mtu yeyote aliyemo ndani ya kituo kile. Ni namna mfuko unavyoendeshwa.

Mara ile ya kwanza Mawingu alikuwa na takriban miezi sita na alikuwa hajapandwa. Nilikwenda mapema kwa makusudi. Dada aliyekuwa mapokezi alinisikiliza, akafungua daftari, akaligeuza nilione mwenyewe: vocha za mwaka mzima zilikwisha wiki ya tano. "Njoo mwaka mpya wa fedha ukianza, mama." Ilikuwa imebaki miezi minne. Kwenye kliniki ya kulipia sikumudu, na kama ningemudu nisingekuwa kwenye foleni ya vocha.

Wiki tatu baadaye Mawingu akaanza kulia ile sauti ya usiku ya jike anayetaka dume, anajisugua sakafuni, mkia pembeni. Nilimfungia ndani. Usiku wa nne alisukuma wavu wa dirisha la jikoni kwenye kona iliyolegea, akatoka. Asubuhi alikuwa mlangoni, ametulia kabisa. Baada ya kama wiki tisa akazaa watano.

Mmoja alizaliwa mdogo kuliko wenzake, anasukumwa kila akifika kwenye chuchu. Nilimnyonyesha maziwa ya vitoto vya paka kwa bomba la sindano, tone kwa tone, nimemfunga kwenye taulo kifuani. Usiku wa pili alifungua kinywa mara mbili kama anayetafuta hewa, akanyamaza. Alikuwa anaenea kwenye kiganja. Uhai ule haukuwa na sababu ya kuanza, na ulianza kwa sababu daftari lilijaa wiki ya tano.

Wanne waliobaki niliwatunza huku nikimzuia mama yao asitoke, maana paka anayenyonyesha anaweza kushika mimba nyingine kabla hajamaliza kunyonyesha. Mwaka mpya wa fedha ulipoanza nilikuwa mlangoni kwao siku ya kwanza kabla hapajafunguliwa. Hata hivyo nilipata tarehe ya wiki sita mbele. Mbele yangu kwenye foleni alikuwepo mzee mmoja aliyemleta mbwa wake kwenye tenga nyuma ya baiskeli. Aliniambia mbwa yule ameshazaa mara tatu, na kwamba watoto wa uzao wa mwisho hakupata wa kuwachukua. Hakusema aliwafanyaje. Nami sikumuuliza, kwa jinsi alivyokuwa akiufuta mdomo wa yule mbwa kwa upindo wa shati lake.

Najua wapo wanaosema kodi isitumike kwa paka na mbwa. Lakini fedha ya umma inatumika kwao vyovyote vile. Asipofungwa kizazi mama mmoja leo, kesho kuna watu wanaolipwa kukamata, kulisha, kuhifadhi na mwishowe kuua watoto wake na wajukuu. Na kwa mbwa suala ni la uhai wa watu pia. Shirika la Afya Duniani linasema hadi asilimia 99 ya maambukizi ya kichaa cha mbwa kwa binadamu yanatoka kwa mbwa, na kwamba ugonjwa unazuilika pale asilimia 70 ya mbwa wanapokuwa wamechanjwa. Kiwango hicho hakikai mahali ambapo kila miezi michache wanazaliwa mbwa wapya wasio na chanjo. Kituo hiki kinachanja kila mbwa anayeletwa kufungwa, siku ile ile. Sioni namna ya kumpata mbwa na mwenye mbwa mahali pamoja kwa gharama ndogo kuliko hiyo.

Wala hili si jambo la kujaribiwa leo. Los Angeles walifungua kliniki yao ya umma mwaka 1971. Jimbo la New Hampshire, nako Marekani, lilianza mpango wake mwaka 1994, na kilichonivutia kwao ni chanzo cha fedha: nyongeza ndogo juu ya leseni ya mbwa, inayokwenda moja kwa moja kwenye kazi hii. Kila anayesajili mbwa anauchangia mfuko. Kufikia mwaka 2000 idadi ya paka na mbwa waliouawa kwenye makazi ya wanyama ya jimbo lile ilikuwa imeshuka kwa zaidi ya nusu. Bhutan, nchi ndogo ya Asia, walianza mwaka 2009, wakaendelea hadi Oktoba 2023 walipotangaza kwamba mbwa wao wote wanaozurura wamefungwa kizazi na kuchanjwa, zaidi ya mbwa 150,000 kwa jumla. Ni miaka 14. Kama wangesimama katikati kusubiri bajeti, mbwa waliobaki wangezaa na kujaza nafasi za waliofungwa.

Ndiyo maana nasema nyota mbili kwa mfuko, na hizo mbili ni kwa sababu upo. Ningependa vocha zigawanywe kwa kila mwezi, na sehemu kubwa itengwe kwa miezi inayotangulia msimu wa kuzaa. Anayekuja na jike asiyewahi kupandwa atangulizwe. Na ile kanuni ya wanyama wawili kwa kaya kwa mwaka iangaliwe upya, kwa sababu mtu aliyepatwa na uzao wa paka ana zaidi ya wawili, na yeye ndiye hasa anayehitaji msaada.

Kanuni hiyo imenishika na mimi. Madume mawili yalipata watu wa kuyachukua, na wote wawili wameshayapeleka kuhasiwa kwa vocha zao. Jike wa pili nilimpa mwenzangu wa kazini. Juzi amemrudisha, miezi mitano sasa, akiniambia paka analia usiku na watoto hawalali. Vocha zangu mbili zilikwisha kwa mama yake na dada yake. Yule dada wa mapokezi, yule yule wa daftari, alitafuta kila njia, akapiga simu ndani, akarudi akitikisa kichwa. Akaniandika kwenye orodha ya kusubiri nafasi za watakaoshindwa kufika. Namba yangu ni 47, simu yangu haizimwi, na kona ile ya wavu wa dirisha nimeifunga kwa waya.