Vidonge vya asidi ya traneksamiki kwa muhina wa mgonjwa wa Von Willebrand

Binti yetu ana ugonjwa wa Von Willebrand, ugonjwa wa kurithi unaofanya damu isigande ipasavyo, na kwa mgonjwa wa aina hiyo muhina, yaani damu kutoka puani, si jambo la kuwekewa kitambaa cha maji baridi utosini na kusahauliwa. Vidonge vya asidi ya traneksamiki vya miligramu 500, alivyoandikiwa na daktari, vimetufaa kuliko dawa nyingine yoyote tunayoiweka nyumbani.

Wengi huvinunua wakidhani kwamba vinagandisha damu. Havigandishi, huzuia bonge lililokwisha kuganda lisiyeyuke mapema, maana utando wa pua, sawa na ule wa kinywa, ni mwepesi mno wa kuliyeyusha. Kwa hiyo kazi ya kwanza hubaki ya vidole: mtoto huketi na kuinama mbele, hubanwa sehemu laini ya pua kwa dakika 10 hadi 15 bila kuachiwa ili kuchungulia, na damu inayoshuka kinywani huitema. Kidonge humezwa ili damu ikishakatika isirudi usiku, na huendelezwa kwa siku kadhaa, kwa kipimo ambacho daktari amekipiga kwa uzito wake. Safari moja muuguzi alilowesha shashi kwa dawa hiyohiyo, ile ya sindano, akamtia puani. Damu ilikatika vizuri, lakini shashi ilipotolewa ikiwa imekauka ilibandua kigaga na damu ikaanza upya; tangu hapo tunaomba kizibo kinachoyeyuka chenyewe.

Kasoro zipo. Akivimeza na tumbo tupu hupata kichefuchefu. Tena maduka ya dawa ya huku kwetu Likoni, Mombasa, mara nyingi hayanavyo, na hulazimika kuvuka feri hadi mjini kuvitafuta. Duka moja, baada ya kuelezwa ugonjwa wenyewe, bado lilitaka kutuuzia aspirini ya maumivu ya kichwa, ilhali aspirini, ibuprofeni na diklofenaki huzidisha kuvuja damu. Paracetamol ndiyo inayomfaa. Jambo hilo lilinikera sana, kwa kuwa mzazi asiyejua angeipokea.

Mwenye damu katika mkojo, au aliyewahi kuganda damu mishipani, asivianze bila daktari. Na muhina usiokatika hata baada ya kubanwa ipasavyo kwa nusu saa hautaki kidonge kingine. Unataka hospitali, mgonjwa adungwe faktori, yaani protini ya kugandisha damu, inayokosekana mwilini mwake.