Hilux ya 22R bila kabureta: uzoefu wangu na seti ya injekta

Seti ninayoizungumzia, yaani injekta zinazonyunyiza petroli kwa kuongozwa na kompyuta ndogo, inakaa mahali pa kabureta kwenye Hilux ya zamani yenye injini ya 22R, cc 2366, inayopiga safari za Kampala na Kabale. Kifaa chenyewe ni kizuri na nakipendekeza. Ila boksi linakupa nusu ya kazi tu. Nusu ya pili ni mafuta na waya, na huko ndiko kazi nyingi zinakoharibika.

Kabla ya kulipa chochote, pima kompresheni, yaani shinikizo ndani ya silinda. 22R yenye afya hutoa takriban psi 170. Ikiwa chini ya 142, au silinda zikipishana kwa zaidi ya psi 14, shughulikia injini kwanza, maana injekta haiponyi ringi zilizochoka.

Kufunga sehemu ya juu ni kazi nyepesi: kabureta inatoka, bamba la kuungia la kabureta aina ya Weber 32/36 linakaa kwenye manifoldi, kifaa kinafuata juu yake. Weka gasketi mpya kila upande wa bamba na uzibe kila mpira wa vakyumu usio na kazi.

Mafuta yanataka subira. Pampu ya asili haifikishi hata shinikizo la bar 0.5, injekta zinataka bar 4. Sikuitoa, inajaza tangi dogo la lita 2 chini ya boniti, mbali na ekzosi, na pampu ya umeme imefungwa chini ya tangi hilo kwa sababu pampu za aina hii husukuma vizuri lakini huvuta vibaya. Petroli inayozidi hutokea juu ya tangi dogo na kurudi tangi kubwa kwa paipu ya zamani. Bila tangi hilo, ukibakiwa na robo tangi kwenye kona za Kabale kwenda Kisoro petroli hukimbilia upande mmoja, pampu inameza hewa, gari linashtukashtuka. Chujio la mikroni 100 likae kabla ya pampu ya umeme, la mikroni 10 baada yake. Ukiwa Kisekka, soko la vipuri Kampala, usiombe "mpira wa petroli" tu, soma maandishi: 30R9 ni wa injekta. 30R7 ni wa kabureta, na ukipasuka kwa shinikizo hili unamwagia petroli injini ya moto.

Sensa ya oksijeni inataka nati ya M18x1.5 ichomelewe kwenye ekzosi, na mafundi wa Katwe, Kampala, wanaifanya vizuri. Iinamishe angalau nyuzi 10 juu ya mlalo ili maji yasituame ndani yake. Gasketi ya ekzosi ikivuja kabla ya sensa, hewa ya nje inaingia, kompyuta inadhani mafuta ni machache na kuongeza. Watu huilaumu seti kwa kula mafuta kumbe tatizo ni gasketi.

Waya mkuu wa umeme na ethi (waya wa hasi) ya kompyuta viende moja kwa moja kwenye betri. Waya wa swichi lazima ubaki na umeme hata unapopiga stata. Kwenye magari ya zamani waya nyingi hukosa umeme hapo, kompyuta inazima na gari haliwaki kamwe. Upime kwa mita mtu akiwa anapiga stata. Waya za sensa zikae mbali na waya za plagi. Na relei (swichi ya umeme) ya pampu iendeshwe na kompyuta, ili injini ikizima kwa ajali pampu nayo isimame.

Kuiwasha: jaza kwenye kompyuta cc, silinda 4, saileni ya mizunguko 800 kwa dakika, kisha acha joto la injini lipite nyuzi 70 ndipo uendeshe taratibu ikijifunza. Kampala iko takriban mita 1,200, Kabale karibu 2,000. Kabureta iliyosetiwa Kampala hutoa moshi mweusi kule juu kwa sababu hewa imepungua na mafuta hayakupungua. Seti hii inasoma hewa yenyewe na kurekebisha, na asubuhi ya baridi ya Kabale inawaka bila choki.

Beba relei moja na fyuzi za pampu za akiba. Kabureta ingekufikisha ikichechemea. Hii, pampu ikikosa umeme, inazima papo hapo.