Kasha la vipande 121: vibao vya Dienes katika kufundishia desimali

Kasha nililonunua katika duka moja la vifaa vya shule jijini Dar es Salaam lina vichemraba 100 vya sentimita moja, vijiti 10 (kila kimoja sawa na vichemraba 10), vibao bapa 10 (kila kimoja sawa na vijiti 10) na mchemraba mmoja mkubwa (sawa na vibao 10). Nilipohesabu nyumbani nilikuta vichemraba 97, na muuzaji akanipa vitatu kesho yake bila ubishi. Zana hizi, zinazohusishwa na mwanahisabati Zoltan Dienes, kwa kawaida hutumika kufundishia mamia, makumi na mamoja. Mimi nilizitaka kwa sababu mpwa wangu wa darasa la tano alishikilia kwamba 0.35 ni kubwa kuliko 0.5, “maana thelathini na tano inazidi tano, mjomba.”

Kosa hilo halitokani na uzembe. Senti zimekwisha kutoweka mifukoni mwetu, hivyo mtoto hukutana na desimali daftarini tu, na pengine kwenye mizani ya bucha.

Tulikubaliana kwamba kibao bapa ndicho kizima kimoja; kijiti, kwa kuwa vijiti 10 hukifunika kibao bila kubakiza nafasi, kikawa 0.1, na kichemraba kikawa 0.01. Alipopanga vijiti 5 juu ya kibao kimoja, na juu ya kingine vijiti 3 na vichemraba 5, alinyamaza, akavitenga vijiti viwili vilivyozidi, akaviweka vichemraba vyake kando yavyo, kisha akasema: “Hivi havifiki hata kijiti kimoja.” Sikuongeza neno.

Kasoro ninayoilaumu zaidi imo katika karatasi ya maelekezo, ambayo inakitaja kibao kuwa 100 tu, kiasi kwamba mtoto aliyezoea hivyo huona anadanganywa kinapogeuka kuwa 1. Tena, ukihitaji 0.001 hakuna kipande chake, isipokuwa uufanye mchemraba mkubwa kuwa 1 na kubadilisha thamani zote upya. Kwa kazi hiyo rula ya mita inafaa zaidi, kwani desimeta ni 0.1 ya mita, sentimita 0.01 na milimita 0.001, na vyote vinaonekana katika mstari mmoja.

Mwenye daftari la miraba anaweza kuchora mraba wa vyumba 100 na kuupaka rangi bila gharama yoyote, na kwa kulinganisha tu hapungukiwi kitu. Mchoro unashindwa pale panapohitajika kuvunja na kubadilishana, kama katika 1.2 kutoa 0.35. Mpwa wangu alibadilisha kijiti kimoja kwa vichemraba 10, akaondoa 5, akabaki na kijiti kimoja kisichotosha kuondolewa 3. Alipotaka kukivunja kibao kwa vijiti 10 akakuta kashani vimebaki 9. Watengenezaji hawakulifikiria hilo. Kijiti cha 11 tulikikata kwenye boksi la sabuni, akapata 0.85, na kijiti hicho cha boksi sasa kinakaa kashani pamoja na vingine.